Traoré na wenzake wametoka ECOWAS. Mzigo wao sasa unapita wapi?

Lakiri (#1)

Wakuu, salaam.

Kuna uzi huko juu umejaa picha za Kapteni Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso, na kombati yake, na chini yake "Afrika imeamka" zisizo na idadi. Sitaki kuharibu sherehe ya watu. Ila kazi yangu ni forodha, mizigo ya transiti, na ule uzi nimeusoma wote bila kumwona hata mmoja anayeuliza: nchi tatu zisizo na bahari zimetoka kwenye jumuiya yenye bandari, je, kontena la Ouagadougou linashukia wapi?

Kwa wasiofuatilia: ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, ilizaliwa Lagos tarehe 28 Mei 1975. Tarehe 28 Januari 2024 Mali, Burkina Faso na Niger zikatangaza kwa pamoja kwamba zinatoka, tena papo hapo. Ibara ya 91 ya mkataba inataka notisi ya mwaka mmoja. Wao wakajibu kuwa notisi haiwahusu, kwa kuwa wenzao ndio walioanza kuuvunja mkataba. ECOWAS ikahesabu mwaka wake kimya kimya, na tarehe 29 Januari 2025 ikawafuta rasmi. Wakabaki wanachama 12. Siku moja kabla, maelfu ya watu waliingia barabarani Niamey, Bamako na Ouagadougou kushangilia.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisome vizuri. Nchi hizo hazijatoka UEMOA, ule umoja wa nchi nane zinazotumia faranga ya CFA na benki kuu moja iliyoko Dakar. UEMOA ni umoja wa forodha, siyo klabu ya marais kupiga picha. Sabuni iliyotengenezwa Abidjan ikienda Bamako inapita kwa sheria za UEMOA, na sheria hizo zipo palepale. Kwa hiyo mbele ya Ivory Coast, Senegal, Togo na Benin, kwenye karatasi karibu hakuna kilichobadilika. Mtu ameandika talaka, akaibandika ukutani kila mtu aione, halafu jioni kaenda kula kwa mama mkwe.

Msimamo wangu ni huu: hasira yao ni halali kabisa. Lakini walichotoka ni siasa. Kwenye biashara hawakutoka, na hata wangetaka wasingeweza. Mwenye hoja aje.

Kinara wa Buguruni (#2)

Mkuu, nyie watu wa forodha mnaona dunia yote kwenye fomu. ECOWAS iligeuka tawi la Paris, full stop. Majambazi wameua watu Sahel zaidi ya miaka kumi, ECOWAS ikashindwa kuwazuia. Lakini Jenerali Tiani alipomwondoa Rais Bazoum wa Niger tarehe 26 Julai 2023, ndani ya siku chache wakaitana Abuja, wakatoa siku saba za onyo na kutishia vita. Jeshi la kutosha la kupambana na magaidi halikupatikana, la kumrudisha rais likapatikana ghafla? Mimi ningetoka siku ileile.

Mtaa wa Pili (#3)

Nimekaa paleee nasubiri nondo.

Lakiri (#4)

Kinara, hapo hatugombani. Tena nikuongezee.

Januari 2022 Mali ilifungiwa mipaka kwa sababu wanajeshi walitaka kukaa madarakani hadi miaka mitano. Biashara ikasimamishwa isipokuwa chakula, dawa na mafuta, na fedha za serikali zilizokuwa benki kuu Dakar zikazuiwa. Nchi ikashindwa kulipa madeni wakati pesa yake ipo. Vikwazo viliondolewa Julai. Mwaka uliofuata Niger ikapata kipigo kikubwa zaidi: Nigeria ilikata umeme, na Niger ilikuwa inachukua kwao karibu asilimia 70 ya umeme wake. Malori yakalala upande wa Benin, mengine yana chakula na dawa. Hata Jenerali Gowon, mzee aliyekuwa mmoja wa waasisi wa ECOWAS, alikuja kuandika barua akiomba vikwazo viondolewe. Viliondolewa Februari 24, 2024, lakini wenyewe walishatangaza kuondoka.

Ila tazama jambo hili. Aliyeshika ile fedha hakuwa ECOWAS. Alikuwa benki kuu ya UEMOA. Fimbo iliyowauma kuliko zote ilikuwa mkononi mwa jumuiya ambayo hadi leo wamo. Mbona huko hawajatoka? Kwa sababu ukitoka UEMOA kesho asubuhi unatakiwa uwe na sarafu yako, benki kuu yako, na mtu wa kuiamini hiyo noti. Hotuba ya uwanjani haichapishi noti.

Mwana Kanyosha (#5)

Salamu kutoka Bujumbura. Naomba niseme kidogo maana naona mnaongea juu ya vikwazo kama kitu cha magazetini.

Sisi tulipigwa ambargo mwaka 1996. Buyoya alichukua nchi kwa mapinduzi tarehe 25 Julai, na tarehe 31 marais wa jirani wakakutana Arusha, wakafunga. Tanzania, Kenya, Uganda, wote. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Nyerere, nasema hivyo kwa heshima zote. Lengo lilikuwa jeshi lirudishe bunge na vyama na likae mezani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Petroli ilitoka kwenye vituo ikahamia kwenye chupa, inauzwa pembeni ya barabara, na bei inapangwa na mwenye chupa. Kahawa yetu ilikosa njia. Bidhaa ziliendelea kuingia, lakini kwa mlango wa nyuma, na wenye huo mlango walikuwa wakubwa walewale walioambiwa wanaadhibiwa. Wao walitajirika. Mwalimu wa shule na mkulima wa mkoa wa Ngozi ndio waliobana mkanda hadi Januari 1999.

Kwa hiyo namuelewa mtu wa Niamey aliyeshangilia. Lakini kaka Lakiri, sisi baada ya hayo yote tuliomba kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tukaingia mwaka 2007 pamoja na Rwanda. Walewale waliotufungia. Nchi isiyo na bahari haina anasa ya kununa.

Mpwani254 (#6)

Mwana Kanyosha umesema ukweli bana. Lakini Watanzania msijifanye watakatifu hapa. 1977 Jumuiya ilipovunjika ni nani alifunga mpaka? Ndege za East African Airways zikagawanywa kama mali ya marehemu, Namanga ikawa kimya mpaka 1983. Watu wa Taveta na Holili walikuwa wanaenda kusalimia ndugu zao kwa njia za panya. Na juzi tu, Julai 2025, mmetoa amri wageni wasifanye biashara ndogondogo za aina kumi na tano, na sisi tuko Jumuiya moja. Hamjatoka, lakini mnatutoa.

Kinara wa Buguruni (#7)

Mpwani, mambo ya Kariakoo yana uzi wake, usituletee povu la Nairobi.

Binti wa Mkunazini (#8)

Mimi nacheka tu. Zanzibar tuliingia OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwishoni mwa 1992, ilipofika 1993 tukatolewa mbio kwa kuwa si dola. Mali angalau wameamua wenyewe kutoka. Nimemaliza.

Msimamizi (#9)

Wakuu, mada ya Muungano ina uzi wake maalumu. Turudi Sahel. Maoni matatu yameondolewa kwa matusi.

Wakili wa Kona (#10)

Lakiri anasema walichotoka ni siasa tu, kama vile siasa ni kitu kidogo. Nataka kumpinga hapo.

ECOWAS ina mahakama Abuja ambayo raia wa kawaida anaweza kuifikia moja kwa moja, bila kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nyumbani. Mwaka 2008 mama mmoja wa Niger, aliyeuzwa utumwani akiwa na miaka 12, aliishitaki serikali yake pale. Alishinda. Mahakama ilisema Niger ilishindwa kumlinda dhidi ya utumwa, ikaamuru alipwe fidia ya faranga milioni kumi. Desemba 2023 mahakama hiyohiyo iliamuru Bazoum aachiwe. Hawakumwachia, lakini hukumu ipo kwenye kumbukumbu.

Mlango huo umefungwa kwa raia wa nchi tatu. Yule mama leo angekwenda wapi? Watu wanashangilia kutoka kwa marais wa ECOWAS bila kuona kwamba wametolewa pia kwenye mahakama iliyowahi kuibana serikali yao kwa niaba ya mtu asiye na cheo.

Na nani aliwauliza? Kwetu, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 145, unasema nchi ikitaka kujitoa lazima bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe notisi ya miezi kumi na miwili. Kule ilikuwa taarifa ya pamoja iliyosomwa kwenye televisheni siku ya Jumapili.

Kinara wa Buguruni (#11)

Wakili, bunge gani? Mabunge ya hiyo mitaa tunayajua, yalikuwa yanapitisha kila kitu cha wakubwa. Umati wa barabarani ndio ulikuwa kura.

Leicester Mswahili (#12)

Kura nazo zina mambo yake, ndugu yangu. Niko Uingereza tangu kabla ya Brexit. Juni 2016 walipiga kura, 52 kwa 48, na hao 48 hawajanyamaza hadi leo. Ilichukua hadi Januari 2020 kutoka, na hadi mwisho wa mwaka huo ndipo wakaacha soko la pamoja. Miaka yote hiyo walitukanana bungeni, magazetini, kwenye meza za Krismasi. Kero tupu, lakini kila mtu alijua jirani yake anaonaje.

Bamako huwezi kujua. Wanajeshi walisimamisha shughuli za vyama mwaka 2024, Mei 2025 wakavifuta kabisa. Burkina wakosoaji wameripotiwa kukamatwa na kupelekwa mstari wa mbele vitani kwa nguvu. Ukiniambia "wananchi wote wanaunga mkono", nitakuuliza asiyeunga mkono angesemea wapi.

Dada wa Vitunguu (#13)

Nyie wanaume mnaongea mahakama na noti, mimi nauza vitunguu. Nimesikia Niger ni wakubwa kwenye vitunguu. Vinaenda wapi sasa?

Lakiri (#14)

Dada, swali lako limezidi yote ya hapo juu.

Vitunguu vya Niger, hasa vile vyekundu vya zambarau vya Galmi, vimekuwa vikishuka kusini miaka nenda rudi: Benin, Togo, Ghana, hadi Abidjan. Ni mzigo usiosubiri. Ukikaa juani kwenye foleni ya mpaka, safu ya chini inaanza kutoa maji na gunia zima linanuka. Sasa vikwazo vya ECOWAS vilipoondolewa, Benin ilifungua upande wake. Niger ikakataa kufungua wa kwake, ikisema Benin inahifadhi wanajeshi wa Kifaransa. Benin ilikana. Pale Malanville kuna daraja la mto Niger, ng'ambo ni Gaya. Daraja likafungwa, watu wakaanza kuvusha kwa mitumbwi: magunia, pikipiki, mchele, abiria. Kwa hiyo wafanyabiashara wakawa wanalipa mtumbwi, wapagazi wa kushusha na wapagazi wa kupakia, mbele ya daraja zima lisilo na ubovu wowote.

Na makontena yaliyokuwa yanashukia Cotonou yalihamia Lomé. Kutoka Lomé unapanda kaskazini, unapita Burkina, unaingia Niger kwa magharibi. Ni njia ndefu, tena inapita katikati ya eneo la vita, malori yanakwenda kwa msafara yakisindikizwa na jeshi. Mtu wa klaringi anajua maana yake: lori linasubiri msafara ujae, siku zinahesabiwa, na mwenye kontena naye anahesabu. Mwisho wa siku analipa mnunuzi wa mchele Niamey.

Hapo ECOWAS haimo tena. Kilichofungwa ni mlango wao wenyewe.

Kinara wa Buguruni (#15)

Sawa, na Benin nayo? Niger imejengewa bomba la mafuta la karibu kilomita 2,000 na Wachina mpaka pwani ya Benin. Mei 2024 Talon, rais wa Benin wakati huo, akazuia mafuta yasipakiwe melini. Huyo naye ni jirani mwema?

Lakiri (#16)

Si mwema, na hakudumu na hilo zuio, kwa sababu bomba linamlipa na yeye, na Wachina waliingia kati. Ndicho ninachosema. Kila mmoja amemshika mwenzake mahali pabaya. Ulipokuwa ndani ya ECOWAS, ugomvi huo ulikuwa na ukumbi na utaratibu, hata kama utaratibu wenyewe mbovu. Sasa kila bidhaa na kila jirani ni mazungumzo yake.

Kwa wale wa UEMOA bado kuna kanuni. Mnaowasahau ni Nigeria, Ghana na Guinea, ambao hawamo UEMOA. Mpaka wa Niger na Nigeria una zaidi ya kilomita 1,500. Maradi na Zinder zinaishi kwa kutazama Katsina na Kano. Wahausa wako pande zote mbili, shangazi huku, duka kule. Haki ya kuingia siku 90 bila viza ilitokana na itifaki ya ECOWAS ya mwaka 1979. ECOWAS imesema ziendelee kuheshimiwa pasi zenye nembo yake na bidhaa zao ziendelee kupita hadi hapo itakapoamuliwa vingine, nao wale watatu wameahidi kuwapokea raia wa ECOWAS bila viza. Ni hisani ya pande mbili. Hisani haina ibara.

Halafu Machi 2025 wakaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa kila kinachoingia kutoka nje ya nchi zao tatu, isipokuwa misaada ya kibinadamu. Kila kinachotoka nje, maana yake hata cha Abidjan na Dakar, wenzao wa UEMOA. Umoja wa forodha ambao ndani yake kuna tozo ya forodha, hiyo ni mpya kwangu. Nusu asilimia ni ndogo, najua. Nimeshaona tozo ndogo zinavyokua.

Utingo Mstaafu (#17)

Mimi nimebeba mafuta Dar kwenda Lubumbashi miaka mingi, nimelala Tunduma mpaka mama ntilie ananijua kwa jina. Nataka niwaambie wasomi kitu. Barabara haisomi mkataba.

Septemba 2025 wale wapiganaji wa JNIM, kundi lenye uhusiano na al-Qaida, walitangaza kuzuia mafuta yasiingie Mali. Wakawa wanachoma malori ya tangi yanayotoka Senegal na Ivory Coast. Bamako foleni za petroli zikakunja kona, serikali ikafunga shule na vyuo kwa wiki mbili. Hapo ECOWAS ingefanya nini? Na Urusi, mshirika wao wa kijeshi, ilifanya nini? Kinara, nijibu la pili.

Dereva aliyechomwa pale hakuwa wa mtawala wa Mali, Goïta, wala wa rais wa Ivory Coast, Ouattara. Alikuwa na trip sheet na namba ya simu ya mke wake.

Mtaa wa Pili (#18)

Hii nondo. Utingo apewe maji.

Wakili wa Kona (#19)

Utingo, heshima yako mzee. Lakini swali lako linaelekea upande wangu. Kama adui anavuka mipaka yote, jeshi la nchi tatu peke yake linamfukuza hadi wapi? Hadi mpakani, kisha analala Benin au Togo kaskazini. Walitangaza kikosi cha pamoja cha askari 5,000. Bila Ivory Coast, Benin na Nigeria kwenye meza moja, hicho kikosi kinafagia uwanja usio na ukuta.

Kinara wa Buguruni (#20)

Meza hiyo walikaa miaka yote, wakala biskuti. Mali imepigwa tangu 2012!

Na bandari zipo nyingine. Morocco imewaahidi njia ya Atlantiki tangu 2023. Guinea haikuwahi kuifungia Mali hata wakati wa vikwazo. Togo yenyewe inawachekea, Ghana imewateulia mjumbe maalumu. Pwani inawahitaji kuliko wanavyoihitaji pwani. Bila mzigo wa Sahel, Lomé na Abidjan zinapungukiwa.

Lakiri (#21)

Hoja ya mwisho nakupa, ni kweli. Bandari inaishi kwa mzigo wa nchi za ndani; hata Dar bila Zambia na Kongo tungekuwa tunapiga miayo. Ndiyo maana Togo inachekacheka na Rais Faye wa Senegal alikubali kazi ya usuluhishi. Wakipata kitu kizuri watakipata hapo, kwa kushindanisha bandari.

Morocco ni habari nyingine. Chukua ramani. Kutoka pwani ya Sahara Magharibi hadi Bamako unapita Mauritania yote, kisha magharibi ya Mali, na hadi Niamey ongeza nchi nyingine. Dizeli peke yake inakula faida kabla hujafika mzani wa kwanza. Ni njia nzuri ya kuitishia Benin. Ya kupitishia saruji, hapana.

Mpwani254 (#22)

Lakiri, sasa jibu kama mwanamume. Tanzania nyinyi mlitoka COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Mlikufa?

Lakiri (#23)

Hatukufa. Serikali ilisema uanachama umekuwa mwingi, na kulikuwa na hofu ya mapato ya forodha na viwanda. Tukabaki SADC, na Jumuiya yenu na yetu ikaanza upya mwaka huohuo. Wengine walilia, wengine walishangilia, kama leo.

Lakini muulize Utingo alikuwa anakata bima gani kabla ya kuvuka Nakonde. Kadi ya njano. Kadi ya njano ya nani? Ya COMESA. Tulitoka kwenye vikao, tukaacha madereva wetu ndani, kwa sababu lori likigonga mtu Zambia lazima kuwe na karatasi inayotambulika pale. Na mwaka 2015 marais walikwenda Sharm el-Sheikh kusaini eneo huru la biashara la COMESA, SADC na Afrika Mashariki kwa pamoja, yaani kututafutia njia ya kurudi kwenye soko lile bila kusema tumerudi.

Utingo Mstaafu (#24)

Kweli tupu. Bila kadi ya njano polisi wa Mpika anakula mshahara wako.

Kinara wa Buguruni (#25)

Kumbe kutoka kunawezekana, na maisha yanaendelea. Asante kwa kunisaidia kuhitimisha.

Lakiri (#26)

Ukiwa na Dar, Tanga na Mtwara, inawezekana, mkuu. Nitajie ya Burkina.